Nyumba haijaisha, na maisha je? Jibu kwa baba anayejenga Joska

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 39, ni karani wa hesabu katika kiwanda kimoja Industrial Area. Tunaishi Donholm kwa nyumba ya kupanga, mimi, mke wangu na binti yetu aliye gredi ya tatu. Huu ni mwaka wa saba najenga Joska, nje ya Nairobi, kwa mkopo wa sako, chama chetu cha akiba na mikopo, na chochote kinachobaki mwisho wa mwezi. Kila Jumamosi niko saiti, na Jumapili baada ya ibada narudi tena. Mwezi uliopita tulimwaga slabu ya juu, ile sakafu ya zege. Siku hiyo nilikuwa nimeingojea miaka miwili. Mke wangu alipika pilau, akaja nayo kwa matatu ili mafundi wale. Jioni nikirudi nyumbani niliona moyoni hakuna kitu. Si furaha, si huzuni. Nilikuwa tayari nahesabu pesa za mawe ya juu. Tuna vikombe vya udongo tulivyopewa siku ya harusi, viko ndani ya katoni hadi leo kwa sababu nilisema vitafunguliwa tukihamia kwetu. Juzi mke wangu aliniuliza, 'Kwani sisi tutaishi lini?' Kwenye ushirika wa wanaume msemaji alituambia maisha ni safari, tufurahie safari, tusijali mwisho wake. Mamangu, ambaye ni wa wale wa uamsho wa zamani wa kanisa, anasema hayo ni maneno ya dunia: hapa tunapita tu, kwetu ni mbinguni. Mkristo ashike lipi? Na ule ukavu wa siku ya slabu, ni kukosa shukrani?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika wazi hivyo. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye pilau. Umesema ilipikwa, umesema ililetwa kwa matatu. Namwona mke wako kwenye Kangundo Road, sufuria imefungwa kwa leso, ameipakata magotini ili isimwagike gari likiruka matuta. Lakini hukusema ilikuwaje ulipoila. Nadhani hukumbuki. Sikulaumu kwa hilo. Nalitaja kwa sababu swali lako lote limo ndani ya ile sahani, na nitairudia.

Umefunga maswali mawili kwa kamba moja. La kwanza ni la imani: kati ya msemaji wenu na mamako, nani amesema kweli? La pili ni la moyo: mbona nilifika nisione nimefika? Nitaanza na hili la pili kwa sababu naona ndilo linalokutisha.

Ukavu ule si dhambi, wala si dalili kwamba huna shukrani. Ndivyo tulivyoumbwa. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za ubongo wa nyani, zile zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Nyani alikuwa akipewa matone ya sharubati. Mwanzoni seli zile zilichangamka sharubati ilipofika mdomoni. Baadaye nyani alizoea kwamba taa ikiwaka, sharubati inakuja, na seli zikaanza kuchangamka taa ilipowaka. Sharubati yenyewe ilipofika, zilikuwa zimetulia kama kwamba hakuna lililotokea. Kitu kilichotarajiwa sana hakiushtui tena ubongo kikifika.

Sasa fikiri. Ile slabu uliimwaga kichwani mara ngapi? Uliimwaga ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, ukiimwaga tena ukisaini fomu za mkopo, na usiku ukikosa usingizi. Siku mafundi walipopanga mstari wakipitishiana makarai ya zege hadi juu, furaha yake ulikuwa umeshaila kidogo kidogo kwa miaka miwili. Iliyobaki ilikuwa simiti.

Kuna jambo la pili linaloendana na hilo. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine 22 wa maeneo yale yale ambao hawakushinda. Washindi hawakuwa na furaha iliyozidi ya wenzao kwa kiasi cha kutajika. Tena walipoulizwa kuhusu mambo madogo ya kila siku, kama kula kifungua kinywa au kuongea na rafiki, walisema yanawapa raha kidogo kuliko wenzao. Huo ulikuwa utafiti mdogo, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba pesa huongeza utulivu wa maisha kwa kiasi fulani, kwa hiyo usinisikie nikisema nyumba haina faida. Ina faida. Kutolipa kodi kila mwezi ni nafuu kubwa Nairobi hii. Ninachotaka ulione ni lile la kifungua kinywa. Jambo kubwa likikaa mbele ya macho muda mrefu, madogo hupoteza ladha. Nadhani pilau ilipotelea hapo.

Basi ukiniuliza kama utafurahi siku mtakapohamia, nitakujibu kwamba utafurahi, pengine majuma machache. Kisha utaanza kuhesabu pesa za ukuta na geti. Nimeketi na wanaume wengi wa jiji hili, na geti halijawahi kuwa la mwisho.

Sasa nije kwa msemaji wenu. Alichosema kina ukweli nusu, na nusu nyingine inaweza kuumiza watu. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni kuna Wakatoliki wa hapa kwetu wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, mahali walipouawa wengi wa mashahidi wa miaka ya 1885 hadi 1887. Ni mwendo wa siku nyingi. Ukiongea na mmoja wao akirudi, atakusimulia malengelenge, mvua waliyonyeshewa, na nyumba ya watu wasiowajua waliowapa uji na mahali pa kulala. Hadithi nyingi ni za njiani. Lakini iondoe Namugongo uone kama kuna atakayefunga viatu. Hakuna anayetembea hivyo kwa ajili ya malengelenge. Mwisho ndio unaoipa njia maana, na mtu anayekuambia usijali mwisho anakuambia utembee bila kujua unaenda wapi.

Tena kuna watu ambao safari yao ni maumivu matupu. Aprili 2024 mafuriko yalipopita Mathare, watu walipoteza vitanda, vitabu vya watoto na hata wapendwa wao. Ukimwendea mama aliyesimama kwenye tope hilo ukamwambia afurahie safari, umemtukana. Biblia haifanyi hivyo. Zile Zaburi za kupanda, 15 kwa jumla, kuanzia ya 120 hadi ya 134, kwa desturi huhesabiwa kuwa nyimbo za watu waliokuwa njiani kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Ya kwanza kabisa inaanza na mtu aliye taabuni, amechoka na uongo wa watu anaoishi nao. Mahujaji walianza safari kwa kulalamika mbele za Mungu, na Mungu akaacha malalamiko hayo yaandikwe.

Mamako naye, kwa heshima zote, amesema kweli. Kwetu ni mbinguni, na Paulo anawaandikia Wafilipi jambo hilo hilo. Ila "hapa tunapita tu" ina neno moja la kuangaliwa, hilo "tu". Maana Mungu aliwahi kuwaandikia watu waliokuwa wanapita. Ni barua ya Yeremia kwa wale waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 11 ya sura ile ya 29 umeiona kwenye vioo vya matatu na kalenda za makanisa: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani." Aya moja kabla yake inasema ahadi hiyo itatimia baada ya miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa hawangeishi kuiona. Na aya ya 5 inawaambia wafanye nini kwa sasa: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, wazae, wautakie amani mji ambao si wao. Walikuwa wanapita, na bado waliambiwa wale matunda ya mahali wanapopita.

Kwa hiyo nikiulizwa kati ya safari na mwisho Mkristo ashike lipi, naenda Kutoka 33. Sijui kama huwa tunaisoma polepole inavyostahili.

Waisraeli wametoka kuabudu ndama wa dhahabu. Mungu anamwambia Musa: haya, nendeni katika nchi niliyowaapia baba zenu. Nitamtuma malaika mbele yenu, nitawafukuza wenyeji, mtaingia kwenye nchi ijaayo maziwa na asali. Ila mimi mwenyewe sitakwenda kati yenu. Tazama walichopewa. Nchi iko, ulinzi uko, maadui wataondolewa. Mwisho wa safari wote umewekwa mezani, umepungua kitu kimoja. Watu waliposikia walilia, hakuna aliyevaa mapambo yake. Na Musa akajibu: "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa."

Hilo "hapa" ni jangwa. Ni mawe na jua, na mana ile ile kila asubuhi. Musa anasema ni afadhali wabaki hapa pamoja na Mungu kuliko kufika kule bila yeye. Hakusema jangwa ni zuri, wala hakusema nchi haina maana. Aliitamani hadi siku yake ya mwisho, akaitazama kutoka mlima Nebo akiwa na miaka 120, na hakuingia. Nilipokuwa kijana niliona hilo ni jambo la kusikitisha kupita yote katika vitabu vitano vya kwanza. Siku hizi naisoma sura ile ya 34 ya Kumbukumbu la Torati nikiona kwamba Bwana ndiye aliyemwonyesha nchi, na kwamba maandiko yanasema alimzika. Musa alikosa nchi. Mwenzake wa safari hakumkosa.

Mahali hapo ndipo msemaji wenu na mamako wanakutana, ingawa hawakujua. Mwisho wa safari ya Mkristo ni Mtu, na Mtu huyo hakukaa mwisho wa barabara akingoja. Alikuja njiani. Alisema mwenyewe, "Mimi ndimi njia." Wafuasi wake wa kwanza, kabla hawajaitwa Wakristo, waliitwa watu wa Njia. Liko katika Matendo 9. Njia ina thamani kwa sababu ya anayetembea nawe, na huyo huyo ndiye unayemwendea.

Sasa niseme jambo gumu, na nalisema kwa upendo. Ninavyoona, shida yako haikutoka kwenye mafundisho ya mamako. Kama ungekuwa unaingojea mbingu kweli, ungekaa Donholm kwa amani zaidi. Wewe umeipa Joska kazi ya mbinguni. Joska ndiko mtakakopumzika, ndiko mtakakokunywa kwa vikombe vizuri na kuanza kuishi. Ni mzigo mkubwa kwa nyumba ya vyumba vitatu. Mawe ya Ndarugo yanabeba paa vizuri sana, lakini hilo hayawezi.

Mkumbuke Ibrahimu. Waraka kwa Waebrania unasema alikaa katika hema ndani ya nchi aliyoahidiwa. Kipande cha ardhi ambacho Mwanzo inatusimulia kwa kirefu jinsi alivyokinunua, mpaka bei yake, shekeli 400 za fedha, ni shamba la Makpela, na alilinunua ili amzike Sara. Lakini kabla ya hapo, mchana wa jua kali kwenye mialoni ya Mamre, wageni watatu walimkuta mlangoni pa hema. Akakimbia, Sara akakanda unga, ndama akachinjwa, wakaletewa siagi na maziwa. Mungu alikaribishwa kwenye hema, na chakula kilichopikwa na mke wa mtu anayehamahama. Unaona kwa nini nimerudi kwenye pilau?

Basi ufanye nini? Sikushauri uache kujenga. Umeshachukua mkopo, slabu imeshamwagwa, na kumpa mtoto mahali pake ni upendo. Kusimamisha kila kitu kwa mwaka mzima kunaweza kukupa nafasi ya kupumua, lakini vyuma vitashika kutu, bei zitapanda, na sako haitasimama pamoja nawe. Sioni kama kutakupunguzia wasiwasi. Kukimbiza mjengo uishe haraka kwa kukopa zaidi kutaongeza yale yale yaliyokuleta kwangu. Naona afadhali upunguze mwendo kwa kiasi ambacho familia yako itakiona kwa macho. Anza na Jumapili. Siku hiyo usiende saiti, hata kama fundi anakuja, hata kama kuna mawe yanashushwa; mtafute mtu wa kuhesabu lori. Utaumia majuma mawili matatu ya mwanzo. Mkono utakwenda kwenye simu kumpigia fundi, na hapo ndipo utakapojua Joska ilikuwa imekushika kiasi gani. Mana pia ilikuwa hivyo: kila siku pishi moja kwa mtu, na aliyeweka akiba ya kesho aliikuta ina mabuu. Ya siku ya sita peke yake ndiyo iliyolala salama, ili watu wapumzike ya saba.

Mpeleke binti yako saiti Jumamosi moja kwa mwezi, lakini siku hiyo usisimamie kazi. Pandeni kitu. Mpapai huzaa mapema, kama mwaka hivi, na hauna haja ya kungoja nyumba iishe. Akila papai la ploti yenu kabla hamjahamia, atakuwa ameishi pale tayari.

Na usiku kabla ya kulala, kuna zoezi nililofunzwa na rafiki Mkatoliki, la tangu siku za Ignatius wa Loyola katika karne ya 16. Unaipitia siku yako mbele za Mungu tangu asubuhi, polepole, unamwuliza: leo ulikuwa wapi pamoja nami? Dakika kumi zinatosha. Siku za kwanza utaona foleni na takwimu za ofisi tu. Endelea. Paulo anasema "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo", na aliyaandika akiwa kifungoni. Neno ni nimejifunza. Hakuzaliwa nalo, na hakulipata siku moja.

Kuhusu vikombe, usirudi nyumbani leo ukaifungua katoni kwa kishindo. Wewe ndiye uliyeamua vifungwe. Usiwe tena wewe unayeamua vifunguliwe. Mwombe mke wako msamaha kwa ile pilau kwanza, uitaje kwa jina, umwambie hukumbuki ladha yake na kwamba hilo limekuuma. Halafu mwambie vikombe ni vyake kuvifungua siku anayotaka. Huenda akavitoa jioni hiyo hiyo. Huenda akasema vingoje Joska, kwa sababu naye ana ndoto yake juu ya nyumba ile. Swali lake la tutaishi lini lilikuwa na masikitiko, lakini lilikuwa pia mwaliko, na mwaliko wa mke huwa haukai mlangoni milele. Mkiona hamwezi kuongea bila kurushiana hesabu za pesa, nendeni wawili kwa mshauri wa ndoa kanisani kwenu au mahali pengine mnapopaamini. Nendeni pamoja, usimtume yeye.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipima kwa barua. Ukavu wa jioni moja baada ya kazi kubwa nimekueleza ulikotoka. Lakini kama hali hiyo inakaa siku nyingi kwa zaidi ya majuma mawili, kama usingizi umepotea au unalala kupita kiasi, chakula hakishuki, pombe imeanza kuingia, au kumekuja mawazo kwamba heri usingekuwepo, hapo usingoje maombi ya mkesha peke yake. Nenda kwa daktari. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili kule Thika Road, inatibu watu wa kila aina, waumini wakiwemo, na zahanati iliyo karibu nawe inaweza kukuandikia barua ya rufaa. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hailipishwi. Kushuka moyo ni ugonjwa. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, Mungu alimpa usingizi na mkate kwanza, kabla ya kumpa kazi nyingine.

Na mamako usimpinge. Uamsho ule ulioingia Kenya mwaka 1937 kutoka Rwanda na Uganda ulikuwa na neno lake, kutembea nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana. Wale wazee waliimba juu ya mbingu, lakini ushirikani ushuhuda wao ulikuwa wa mwendo wa sasa: neno nililomjibu jirani vibaya, deni nililorudisha, namna Yesu alivyonikuta. Ukienda kumwona, usianze na swali la safari na mwisho. Mwulize Yesu alimkuta wapi mara ya mwisho. Nadhani atakutajia siku ya juzi, na mahali alipokuwa ameketi.